Kumwaga oili ya gari mwenyewe nyumbani: mwongozo kwa mwenye gari wa Mombasa

Maswali ni yale yale kila wiki. Nitie oili gani? Lita ngapi? Nati ya kufungua ni ipi? Filta nayo ni lazima kila mara? Wanaouliza wengi ni wenye Vitz, Probox, Fielder, Axio na Demio, magari yaliyoshuka Kilindini yakiwa na vitabu vya Kijapani ambavyo nyumbani hakuna wa kuvisoma. Basi majibu yote nimeyaweka hapa. Ni kwa gari dogo la petroli. Mwenye dizeli atafuata hatua hizi hizi, ila oili yake ni nyingine na huwa nyingi zaidi.

Tuelewane mapema: hutaokoa pesa nyingi. Ujira wa kumwaga oili si mkubwa, na kuna gereji hazitozi kitu ukinunua oili kwao. Faida yake ni kuwa utajua ni kitu gani kimeingia ndani ya injini yako, na kwamba filta imebadilishwa kweli, haikupanguswa tu kwa tambara ikang'ara.

Oili gani, na baada ya muda gani

Tazama kifuniko cha kutilia oili juu ya injini. Mara nyingi kimeandikwa uzito wa oili, 0W-20 au 5W-30; namba zikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Hiyo ndiyo oili yako. Mjini utaambiwa, "Huku kwetu ni joto, bwana, tia 20W-50." Usikubali upesi. Injini ikishapata moto, thamostati hushikilia maji yake karibu nyuzi 90, liwe gari liko Sapporo, Japani, kwenye theluji au Mwembe Tayari saa saba mchana. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu asubuhi unapopiga stati, na mifumo ya VVT-i, ile ya Toyota inayorekebisha wakati wa vali kufunguka, ina njia nyembamba zinazotaka oili nyepesi. Ikiwa 0W-20 imekuwa adimu au ghali, 5W-30 itakufaa kwa magari mengi ya aina hii. Injini iliyozeeka na inayokula oili unaweza kuipandisha hadi 10W-40. Hapo nakuelewa.

Kwenye mkebe tafuta herufi za API, alama za daraja la oili: SN au SP kwa petroli. Zinazoanza na C, kama CI-4, ni za dizeli.

Oili bandia ipo, tena nyingi, na aghalabu huja ndani ya mikebe halisi iliyookotwa ikajazwa upya. Nunua duka unalolijua, na angalia kama kizibo kimewahi kufunguliwa. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023 upate jina la bidhaa na la mtengenezaji. Ukimaliza mkebe wako, utoboe kabla ya kuutupa, usije ukakurudia dukani mwaka ujao umejaa uchafu.

Kuhusu kilomita: Toyota, kwao Japani, kwa magari mengi ya petroli yasiyo na turbo, huandika 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa matumizi magumu. Matumizi magumu ni pamoja na safari fupi fupi na injini kunguruma muda mrefu gari limesimama. Anayepanga foleni ya feri Likoni asubuhi na jioni, au anayetambaa daraja la Nyali saa kumi na moja, asijidanganye kuwa yake ni ya kawaida. Mimi nashika 5,000 kwa oili ya kawaida na 7,500 kwa sinthetiki. Filta kila mara. Bei yake ni ndogo mno kuifanyia ubahili.

Lita ngapi? Inategemea injini, si umbo la gari. Injini ya 1NZ-FE, ya 1.5 iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi, hunywa lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 yatosha na inabaki ya akiba. Ile ya 2ZR-FE ya 1.8 hunywa lita 4.2, galoni moja haitoshi. Vitz ya silinda tatu hutaka lita 3 na kitu. Namba ya aina ya injini, kama hiyo 1NZ-FE, imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mpe mwenye duka namba hiyo, usimwambie "ya Vitz" tu, maana Vitz ziko za injini kadhaa na filta zao hazilingani.

Vitu vya kuwa navyo

- Oili na filta sahihi
- Washa mpya ya nati ya sampu (bakuli la chini ya injini linalokaa oili), yaani kile kiduara chembamba kinachokaa kati ya nati na sampu
- Soketi au spana ya ringi, si spana ya mdomo. Toyota ndogo nyingi hutaka namba 14
- Spana ya filta. Kama filta yako ni ya karatasi, ile inayokaa ndani ya kikombe kinachofunguliwa, spana maalumu ya kikombe hicho
- Jeki, stendi mbili za jeki, na mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu
- Karai pana linaloingia chini ya gari na kubeba lita 5 au zaidi
- Faneli, glavu, matambara, maboksi ya kutandika chini
- Mtungi wenye kifuniko wa kuwekea oili chafu

Stendi za jeki si pambo. Ikiwa huna na hupati pa kuazima, acha kazi hii hadi uzipate. Jeki ni ya kunyanyulia gari, haikutengenezwa ilishikilie wakati binadamu yuko chini. Matofali usiyaguse, yakipasuka hayatoi ilani.

Mahali

Hapa ndipo wengi wa Pwani hukosea. Uwanja wa mchanga wa Mtwapa au Diani unaonekana tambarare na mgumu, lakini ukiweka jeki uzito wa gari unakaa juu ya kitu kidogo kama kiganja, na kinazama polepole huku wewe ukiwa chini unatafuta nati. Hata kabro zilizotandazwa juu ya mchanga huzama. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki, na mwingine chini ya kila stendi. Sakafu ya saruji ndiyo bora kuliko zote.

Kagua pia pale utakapoweka jeki. Hewa yetu ya chumvi hula chasi kwa chini bila mwenyewe kujua. Gonga kwa mpini wa spana: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga maganda ya kutu. Pakiwa pameoza, usinyanyue hapo.

Ukikaa kwenye fleti, zungumza na mlinzi au mwenye nyumba kwanza. Doa la oili kwenye kabro halitoki, na ugomvi wake huchukua muda kuliko kazi yenyewe.

Hatua

1. Piga stati, acha injini ingurume dakika tatu hadi tano, kisha zima na usubiri kama dakika kumi. Oili vuguvugu hutoka vizuri na kubeba uchafu wake. Usianze punde tu baada ya kutoka safari ya Malindi. Oili hiyo huunguza ngozi, na bomba la ekzosi lililo jirani yake ni baya zaidi. Mwenye gari la haibridi kama Aqua ahakikishe limezimwa kabisa na ufunguo uko mbali, kwa sababu injini yake inaweza kujiwasha wakati wowote taa ya READY ikiwa inawaka kwenye dashibodi.

2. Tia gia kwenye P, vuta handibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Nyanyua mbele, weka stendi mahali palipokusudiwa, kisha lishushe gari likae juu yake. Lisukume kwa bega. Likitikisika kwenye stendi, anza upya. Usiingize hata mkono kabla ya jaribio hilo.

3. Fungua kifuniko cha kutilia oili juu, na uvute kidogo kijiti cha kupimia. Hewa ikiingia juu, oili hushuka bila kukwama.

4. Ingia chini utafute nati ya sampu. Tulia hapa. Kosa kubwa kuliko yote ya anayeanza ni kumwaga oili ya gia boksi akidhani ni ya injini, kisha kuongeza lita nne juu ya injini ambayo oili yake haikutoka. Matokeo yake gari lina oili maradufu kwenye injini na gia boksi kavu, na bili ya siku hiyo utaikumbuka. Fuata injini yenyewe: upande wenye mikanda ni wa injini, na sampu iko chini yake. Gia boksi liko upande wa pili. Kwenye Toyota nyingi za otomatiki, nati ya gia boksi ina tundu la pembe sita la kuingiza alenki, na ya injini ni ya kichwa cha spana. Kikianza kutoka kitu chekundu au chepesi na angavu kama maji, funga papo hapo.

5. Sogeza karai. Legeza nati kwa spana kinyume cha saa ukiwa umeitazama uso kwa uso. Ukiwa umelala chini mikono huchanganyikiwa, basi fikiri kwanza ndipo uvute. Ikilegea, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu kuelekea sampu, kisha iondoe ghafla. Oili huruka mbali mwanzoni, karai liwe mbele kidogo ya tundu. Nati ikitumbukia ndani ya karai, iache, utaivua baadaye.

6. Subiri hadi mkondo ugeuke matone, dakika kumi hadi kumi na tano. Futa nati, tazama nyuzi zake (ile mistari ya kuzungukia), ondoa washa ya zamani. Wakati mwingine imeganda kwenye sampu na huonekana kama sehemu ya chuma, kwa hiyo pitisha ukucha.

7. Rudisha nati na washa mpya. Anza kwa vidole. Izunguke kwa vidole mizunguko kadhaa bila kugoma. Ikigoma mapema imeingia upande, itoe uanze tena. Sampu nyingi ni za aluminiamu, na nyuzi za aluminiamu haziwezi kushindana na nati ya chuma. Kaza kwa spana ya kawaida, mkono mmoja, bila kurefusha mpini kwa bomba. Mwenye spana ya kupimia nguvu aiweke kati ya 35 na 40 Nm kwa 1NZ. Nati za sampu zilizoharibika mjini hapa karibu zote ziliharibiwa na mtu aliyekaza "kwa usalama".

8. Hamisha karai chini ya filta, uifungue. Ikitoka, geuza uangalie: ule mpira wa duara umetoka nayo? Ukibaki kwenye injini na ukafunga filta mpya juu yake, mipira itakuwa miwili, na ukipiga stati oili itamwagika yote kwa dakika chache. Futa kikalio, pale filta inapokaa kwenye injini, paka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole, funga kwa mkono. Mpira ukigusa kikalio, ongeza robo tatu za mzunguko kwa mkono tu. Spana ya filta ni ya kufungulia. Kwa filta za karatasi, badilisha mpira mwembamba wa kikombe uliokuja ndani ya boksi. Watu hutupa boksi na mpira ungali ndani.

9. Shusha gari likae sawa. Tia oili kwa faneli, lakini usimimine yote: acha kama nusu lita. Subiri dakika kadhaa, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo hadi ikaribie alama ya juu. Kwa magari mengi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, hiyo itakusaidia kukisia.

10. Funga kifuniko, piga stati. Taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la dele la kahawa, izime ndani ya sekunde chache. Usikanyage mafuta. Acha ingurume dakika moja au mbili, chungulia chini ya nati na filta kwa tochi. Zima, ngoja dakika tano, pima tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo kwa sababu filta imejaa, ongeza kilichopungua.

11. Andika tarehe na kilomita kwenye kikaratasi, ubandike ndani ya mlango. Kibandiko cha Kijapani kilichopo hapo cha mwenye gari wa kwanza ukibandue, kisikuchanganye.

Oili chafu

Hili nalikazania kwa sababu nimeona inavyomwagwa. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda huu vimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu. Unachomwaga uani hakikai uani, kinateremka. Nyumba ngapi Kisauni, Likoni na Tudor zinategemea kisima kwa sababu maji ya mfereji hayaji? Mtaro nao humaliza safari yake kwenye mikoko ya Tudor au baharini. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huihesabu oili chafu kuwa taka hatari, na si kwa ukali wa bure.

Mimina kwenye mtungi wenye kifuniko. Filta ya zamani iegemeze kichwa chini juu ya karai hadi kesho, ndani mna oili bado. Kisha peleka kwenye gereji kubwa au kituo cha petroli chenye pipa la oili chafu; uliza kabla ya kubeba. Usitumie mtungi wa maji ya kunywa au wa mafuta ya kupikia, hata ukiuandika. Watoto hawasomi maandishi, na mgeni wa jikoni vilevile.

Iliyomwagika chini, nyunyizia mchanga mkavu au unga wa mbao, acha inyonywe, zoa. Mikono osha kwa sabuni, si kwa petroli.

Mambo yakienda mrama

*Nati haifunguki.* Pulizia dawa ya kulegeza kutu, ngoja robo saa, jaribu tena kwa soketi ya pembe sita. Kichwa kikianza kuviringana, acha. Bado fundi ana njia ya kuitoa. Ukikimaliza kichwa chote, njia zake zinapungua na bei inapanda.

*Filta haizunguki na spana yake huna.* Zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli upate mshiko. Ile hila ya kuitoboa kwa bisibisi uiache kabisa: mara nyingi bati huchanika, filta inabaki pale pale, na sasa hata spana haina pa kushika.

*Nati inavuja baada ya kufunga.* Umerudia washa ya zamani, au kuna mchanga kwenye kikalio. Usiongeze nguvu tu. Mwaga tena kwenye karai safi, safisha, weka washa mpya. Oili hiyo hiyo unaweza kuirudisha.

*Nyuzi za sampu zimekatika.* Gundi na silikoni zitakufikisha gereji, hazitakufikisha Nairobi. Fundi anaweza kuchonga nyuzi mpya na kuweka nati kubwa zaidi.

*Taa ya oili haizimi.* Zima injini mara moja. Pima kiwango, kagua kama filta ni ile sahihi, tazama chini kama kuna dimbwi. Ikiwa yote ni sawa na taa ingali inawaka, gari lisitoke hapo. Ita fundi aje kupima shinikizo.

*Nimezidisha.* Ikipita alama ya juu kwa unywele, si neno. Ikipita kwa kidole, punguza: legeza nati utoe kidogo, au nyonya kwa bomba jembamba kupitia tundu la kijiti. Oili nyingi huchapwa na krankshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikafanya povu, na povu halilainishi kitu.

*Moshi na harufu ya kuungua baada ya kumaliza.* Kama ni kidogo, huenda ni oili iliyodondokea ekzosi wakati wa kutoa filta. Huisha baada ya kuendesha muda mfupi. Ikiendelea siku ya pili, rudi chini ukaangalie filta.

*Oili mpya imekuwa nyeusi baada ya wiki.* Mara nyingi hakuna ubaya. Imeokota masizi yaliyoachwa na ile ya zamani.

*Oili iliyotoka ina rangi ya chai ya maziwa.* Hiyo ina maji ndani, na dalili hiyo kwenye sampu ni nzito kuliko utando mdogo chini ya kifuniko. Tazama kama maji ya rejeta yanapungua. Usiendeshe.

*Kuna vumbi linalong'aa kwenye oili ya zamani.* Pangusa ncha ya nati kwa tambara jeupe. Unga laini kidogo kwenye injini iliyokwenda kilomita nyingi si wa kushtua. Vipande vinavyokwaruza ukivisaga kwa vidole ni chuma cha bearingi au cha kitu kingine kinachokwisha. Viweke ndani ya karatasi, usivitupe, uende navyo kwa fundi aone mwenyewe.